Nelva na Tuba ya Babu Ignaz

Watu wakiniuliza nina watoto wangapi, huwajibu wawili. Hapo mume wangu Norbert hukohoa kidogo, kwa sababu mimi nimezaa mmoja tu. Wa pili aliletwa na treni.

Jina lake Nelva Colque. Alikuwa na miaka kumi na sita alipotoka Oruro, mji wa Bolivia ulio juu sana milimani, akaja kukaa nasi mwaka mmoja wa shule hapa Obernschlag, kijijini kwetu, upande wa Austria unaopakana na Ucheki. Binti yetu Judith alikuwa amehamia Vienna kusomea uuguzi, na mimi chumba kitupu sikiwezi. Norbert alisema, "Mwaka mzima, Roswitha? Na kama tusipompenda?" Nikamwambia, "Basi yeye atatuvumilia."

Tulimpokea Linz. Njia nzima ndani ya gari alisema "asante" na "ndiyo" tu, macho dirishani. Alipofika akaingia ndani na viatu vyake. Baba mkwe wangu, Babu Ignaz, aliyekuwa amekaa jikoni na gazeti lake, alivitazama vile viatu, akanitazama mimi, kisha akarudi kusoma. Nikamletea mgeni ndara za sufu. Alizivaa, akasimama pale pale mlangoni kama mtu aliyeambiwa asubiri daktari.

Wiki ya kwanza ilinitia hofu. Mtoto hakuwa anakula. Nikimkaribisha nyama zaidi, hapana. Viazi, hapana. Na jioni, tunapoandaa mkate mweusi, jibini na soseji baridi kama kila nyumba hapa, alikuwa anatazama jiko lililozimwa kama mtu anayeomboleza. Siku ya Alhamisi nilimkuta kwenye stoo anatafuna mkate mkavu niliokuwa nimewawekea kuku.

"Nelva! Mezani si nilikuuliza kama unataka zaidi? Ukasema hapana!"

"Umeniuliza mara moja," akasema, mkate mdomoni.

"Kwani ulitaka nikuulize mara ngapi?"

"Tatu." Akaona haya. "Kwetu anayekubali mara ya kwanza ni mlafi."

"Mwanangu, hapa ukisema hapana, mimi naondoa sahani."

"Nimeona."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Na yeye akacheka, mara ya kwanza tangu aje. Nikamkaangia mayai manne, akayamaliza. Tangu siku hiyo alikubali mara ya kwanza, tena kwa sauti, hata kabla hujamaliza kuuliza.

Lakini chakula kilikuwa shida ndogo. Shida kubwa ilikuwa lugha. Alikuwa amesoma Kijerumani miaka miwili, Kijerumani cha vitabuni, na alikuwa na kijitabu cha maneno alichokiandika kwa wino wa rangi tatu. Hapa kwetu hakuna anayesema hivyo isipokuwa padri, naye ni Jumapili tu. Sisi tunameza nusu ya neno na kuiburuta nusu iliyobaki. Ndani ya basi la shule, linalopita saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane, si thelathini na tisa, wenzake walikuwa wanapiga soga na yeye anatabasamu tu. Kutabasamu huko kunachosha. Jioni moja aliniambia, "Mama Roswitha, nadhani mwalimu wangu alinifundisha lugha ya nchi nyingine."

Mbaya zaidi alikuwa Babu Ignaz. Yeye hakujisumbua hata kidogo kusema taratibu. Miaka minne kabla ya Nelva kuja alipata kiharusi kidogo kilichomlegeza mkono wa kulia, na tangu hapo alikuwa mtu wa kunung'unika dirishani. Nelva alidhani mzee anamchukia. Nilimwambia mzee hamchukii yeye peke yake, anachukia kila kitu kwa usawa.

Basi, Jumapili moja ya Oktoba nilimtuma Nelva ghalani akalete kikapu cha tufaha. Mimi na Norbert tulikuwa tumejinyoosha baada ya chakula. Jumapili mchana kijiji chetu hunyamaza. Hakuna anayekata nyasi, hakuna anayepiga msumari. Saa saba kasorobo hivi ikasikika sauti kutoka ghalani iliyotetemesha vioo vya kabati langu. Nilidhani ng'ombe wa jirani ameangukia mashine. Sauti ikaja tena, ikapanda, ikashuka, ikaanza kwenda kwa mapigo, bum-ba, bum-ba, na juu yake visigino vinagonga mbao.

Nilipofika, jirani yetu Bwana Pirklbauer alikuwa ameshafika kwenye ua, na suruali ya kulalia. "Roswitha, leo ni Jumapili!"

"Najua ni Jumapili, Hubert."

"Sasa ni saa ya kupumzika!"

"Najua, Hubert, hata mimi nilikuwa napumzika."

Ndani ya ghala Nelva alikuwa amejivika tuba kuukuu ya Babu Ignaz, tarumbeta ile kubwa ya sauti nzito iliyokuwa inaning'inia nyuma ya mbao tangu kiharusi. Mashavu mekundu, utando wa buibui kwenye nywele. Alipotuona akaishusha kama mwizi. Akaeleza kwa haraka, Kijerumani na Kihispania vikichanganyika: baba yake anapiga tuba, baba zake wadogo wanapiga tarumbeta, na yeye tangu ana miaka kumi na miwili amepiga tuba kwenye kanivali ya Oruro, kutwa nzima, bendi inatembea na watu wanacheza mbele yake. "Nimeiona tu, nikashindwa," akasema. "Samahani. Samahani sana."

Nyuma yetu fimbo ikagonga kizingiti. Babu Ignaz alikuwa ametoka nje bila koti. Alikuwa mpiga tuba wa bendi ya kijiji miaka arobaini na mmoja, na tangu mkono ulipolegea hakutaka hata kusikia neno muziki.

"Unapuliza kama ng'ombe anayezaa," mzee akasema.

Nelva akanitazama mimi. Nikamtafsiria kwa Kijerumani cha padri. Akanywea.

"Lakini pumzi," mzee akaendelea, "pumzi anayo, shetani mdogo huyu. Mwambie apige tena."

"Babu, ni Jumapili," akasema Bwana Pirklbauer.

"Wewe Hubert nenda ukavae suruali."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Mwezi wa Novemba nilimpeleka kwenye mazoezi ya bendi yetu ya matarumbeta, ambamo mimi napiga klarineti. Tunafanya mazoezi kila Ijumaa, ghorofa ya juu ya jengo la zimamoto. Kiongozi wetu ni Engelbert Pührmayr, mwalimu wa hisabati, mtu mwema lakini mnyoofu kama rula. Alimpa Nelva karatasi yenye nota za muziki akamwambia apige.

Nelva akaitazama karatasi. Hakuwa amesoma nota hata siku moja maishani mwake. Oruro alijifunza kwa sikio, akisimama nyuma ya baba yake. Alisubiri wenzake waanze, akaingia kwa sauti kubwa iliyowafunika wapiga filimbi watatu, akaenda vizuri kidogo, kisha wimbo ukakata kona na yeye akanyoosha moja kwa moja. Kijana wa ngoma, Korbinian, akaangua kicheko. Engelbert akashusha mikono.

"Binti, una nguvu. Lakini sisi tunasoma kilichoandikwa. Jifunze nota, uje baada ya Krismasi, nikusikilize tena."

Alisema kwa upole, ila upole wa mtu mnyoofu nao una makali. Njiani Nelva alilia kwa hasira, si kwa huzuni. "Nimepiga mbele ya maelfu ya watu! Mchana kutwa! Midomo inatoka damu na sikuacha! Huyu ananiambia sijui?" Akampigia baba yake simu akitegemea atamtetea. Baba yake, kama Nelva alivyonieleza baadaye, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Wao wanajua kusoma muziki na wewe hujui?" Akasema ndiyo. "Basi bahati yako. Jifunze, halafu uje unifundishe na mimi."

Mwalimu alikuwa nyumbani. Baridi yote ile, kila alasiri, Nelva akitoka shule huvua viatu, huvaa ndara zake, na kukaa na Babu Ignaz jikoni. Mzee anagonga mapigo mezani kwa mkono wa kushoto, Nelva anasoma nota kwa sauti kabla ya kugusa tuba. Mzee hakubadilisha lugha yake kwa ajili ya mtu. Nelva akikosea: "Kichwa cha kabichi! Hapo pana kituo! Kituo maana yake funga mdomo!"

Mwanzoni nilikuwa natafsiri. Siku moja ya Januari nilikuwa nakanda unga, nikasikia mzee anafoka, na kabla sijafungua kinywa Nelva akamjibu kwa lahaja ile ile ya kwetu, maneno yamemezwa nusu nusu barabara kabisa: "Kabichi mwenyewe, Babu! Miwani umeisahau, hilo si kituo, ni kinyesi cha nzi!"

Nikaacha unga. Mzee akaichukua karatasi, akaisogeza dirishani, akaikwangua kwa ukucha.

"Ni nzi kweli," akasema. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Miaka minne sikuwa nimesikia kicheko hicho.

Shuleni nako mambo yakabadilika. Mtoto akiongea kama mzee wa miaka themanini na mmoja wa Obernschlag, na matusi yake ya zamani, nani hatataka kukaa naye kwenye basi? Vijana wetu wenyewe walikuwa hawayajui maneno yale. Walikuja kujifunza kwake.

Engelbert alimsikiliza tena mwisho wa Januari. Alimpa karatasi ngeni kabisa. Nelva aliisoma kwanza kwa macho, kidole kikipiga mapigo gotini, kisha akapiga mwanzo mpaka mwisho, taratibu pale palipoandikwa taratibu. Engelbert akavua miwani akaifuta. "Ijumaa saa moja na nusu jioni," akasema. "Usichelewe." Na Korbinian, yule aliyecheka, akasogea kumpa nafasi ya kiti.

Sasa niwaeleze kuhusu tarehe mosi Mei. Siku hiyo bendi yetu huzunguka kijiji kizima kwa miguu. Tunaanza saa kumi na moja alfajiri na kupiga mbele ya kila nyumba, nyumba zaidi ya themanini zilizotawanyika vilimani. Kila nyumba inatupa kitu: mkate wenye nyama, keki, bia, pombe ya matunda. Asubuhi tunatembea kama jeshi. Alasiri tunatembea kama mbuzi.

Nelva alivaa sare ya bendi: koti la kijani, kofia yenye unyoya, na sketi ndefu niliyoipunguza mwenyewe. Nyumba yetu ilikuwa ya tatu. Babu Ignaz alikuwa ameamka tangu saa tisa, amenyolewa na Norbert, amevaa koti lake la zamani la bendi. Kiti kiliwekwa mlangoni. Tulipofika, akamwona Nelva katika safu ya mwisho, tuba yake mwenyewe inang'aa begani kwa msichana, akasukuma kiti kando. Alisimama wimbo wote, mkono wa kushoto umeshika mwimo wa mlango. Tulipomaliza hakusema amefanya vizuri. Kwetu maneno hayo hayatoki kirahisi. Aliwageukia majirani waliokuwa wamesimama uani akasema kwa sauti, "Huyu nimemfundisha mimi." Nelva akanyoosha mgongo mpaka nikadhani atapaa.

Kufikia saa tisa alasiri midomo yetu ilikuwa imevimba. Korbinian alikuwa amelala kwenye nyasi na ngoma tumboni. Mpiga tarumbeta wa kwanza alikuwa anapuliza hewa tu. Nelva alikuwa amekunywa maji ya tufaha siku nzima na alikuwa mzima kama alivyotoka asubuhi. Vilima vyetu vilikuwa vinamchekesha. Kwao Oruro hewa ni nyepesi mno, mgeni akipanda ngazi anatafuta pa kukaa. "Hiki mnakiita mlima?" alikuwa anatuuliza, na sisi hatuna hata pumzi ya kumjibu.

Tulifika njia panda ya chini, pale tunapomalizia kila mwaka. Engelbert akafunga kitabu chake. Nelva akaonyesha juu, kwenye ukingo wa msitu.

"Bado ile."

"Ile huwa hatufiki," Engelbert akasema.

"Hakai mtu?"

"Anakaa Bibi Theresia. Ni mbali, na kila mwaka tukifika hapa tumekwisha."

"Anajua kwamba hamtafika?"

Marehemu mume wa Theresia alikuwa mpiga pembe katika bendi yetu hii hii. Alipokuwa hai tulipanda, kwa sababu alikuwa anatusukuma. Alipofariki tulipanda mwaka mmoja, halafu ikanyesha mvua mwaka uliofuata, halafu ikawa desturi. Miaka tisa. Naandika haya na uso unanichoma, maana na mimi nilikuwemo.

"Kwetu bendi haimruki mtu," Nelva akasema. Hakusema kwa ukali. Akaiweka tuba sawa begani, akaanza kupanda.

"Nelva! Rudi, mazoezi yamekwisha, yaani, matembezi yamekwisha!" Engelbert akaita.

"Ninyi pumzikeni!" akajibu bila kugeuka. "Nikichoka nitawaambia!"

Msichana wa miaka kumi na sita, mgeni, anapanda peke yake na chuma cha kilo kumi kwenda kumpigia bibi ambaye hajawahi kumwona. Nikachukua klarineti yangu nikamfuata. Nyuma yangu nikasikia Korbinian anaguna na kujiinua. Mpiga tarumbeta naye, anasonya. Nilipogeuka katikati ya kilima nilihesabu watu tisa, na wa mwisho, kofia mkononi, jasho linamtiririka, alikuwa Engelbert.

Bibi Theresia alikuwa nje anafungia kuku. Tulipiga wimbo wa gwaride, tukaupiga vibaya, isipokuwa tuba. Alisikiliza mikono ikiwa ndani ya aproni. Tulipomaliza akasema, "Mmechelewa miaka tisa."

"Ni kweli," Engelbert akasema. "Hatuna la kujitetea."

"Sijasema mjitetee. Nimesema mmechelewa." Akamtazama Nelva. "Na wewe nani? Hiyo si tuba ya Ignaz?"

"Mimi ni Nelva wa kwa Haudum," akajibu kwa lahaja yetu. Wa kwa Haudum. Hilo ndilo jina la nyumba yetu. Sikuwa nimemfundisha kujiita hivyo. Nikajifanya nafuta klarineti.

Bibi akaomba wimbo mmoja, wa taratibu, aliokuwa akiupenda mume wake. Engelbert akapekua kitabu. Haumo. Tukatazamana, sisi wasomaji wa karatasi, hatuwezi kupiga kisichoandikwa. Nelva akamsogelea bibi. "Uimbe kidogo, Bibi. Mimi nitaufuata."

Bibi aliimba, sauti imechakaa. Mara ya kwanza Nelva alisikiliza tu. Mara ya pili akaanza kuweka sauti za chini, moja moja, kama anamwekea ngazi za kukanyagia. Mpiga tarumbeta akaushika mwanzo wake. Mimi nikaingia, nikapotea, Nelva akanionyesha kwa nyusi wapi wimbo unageuka. Engelbert alisimama bila kuongoza chochote, mikono imening'inia. Mwishowe akamwambia mbele ya wote, "Hilo utatufundisha Ijumaa." Bibi aliingia ndani akakaa kidogo, akatoka na sahani ya maandazi na macho mekundu, akatuambia tule haraka kwa sababu kuku wake hawapendi kelele.

Nelva aliondoka mwezi wa Julai. Kituoni Linz sikulia, Norbert ndiye aliyelia, na hataki isemwe. Ijumaa za Mei na Juni alikuwa ametufundisha kupiga kwa sikio, nasi tulikuwa wabaya sana, na Engelbert alikuwa mbaya kuliko wote, lakini alikuja kila mara. Babu Ignaz alitaka kumpa tuba aende nayo. Nelva alikataa mara tatu, na mzee, aliyekwisha kuzijua desturi zake, akamuuliza mara ya nne. Akakubali. Ilisafiri kwa meli, ikafika Oruro na kovu moja ubavuni.

Mzee alifariki miaka miwili baadaye, akiwa ameshaiona tuba yake kwenye simu ya Norbert ikipita katika kanivali, msichana chini yake na bendi nzima nyuma yake. Sasa Nelva ana miaka ishirini na mitano. Anawafundisha watoto wa Oruro kusoma nota, na wa kwanza darasani mwake alikuwa baba yake. Nasi tarehe mosi Mei tunaanzia juu, kwa Bibi Theresia, saa kumi na moja alfajiri, tukiwa bado tunatembea kama jeshi.